Jirani wa Upande wa Kaskazini

Dole lilikuwa la Masele. Sajini Pantaleo aliliangalia kwa kioo cha kukuzia mara ya tatu, akalilinganisha na lile lililokuwa kwenye kadi ya kazi kutoka ofisi ya kuandikisha vibarua wa migodini, na jibu halikubadilika. Mistari ilizunguka namna moja, na kovu dogo lililokikata kidole kwa mshazari lilionekana huku na huku. Hapakuwa na la kubishania.

"Dole ni lake, Afande," alimwambia Inspekta.

Inspekta alikuwa Mzungu wa maneno machache, hasa ya Kiswahili. Aliisogeza ile hati ya rehani kwa ncha ya kalamu. "Basi yule mama wa barua anadanganya."

"Inaelekea hivyo."

"Mnada ni Jumamosi, saa sita mchana. Leo Jumanne. Kabla ya mnada nataka kujua kama tunamshtaki."

Shauri lenyewe, kwa maandishi, lilikuwa jepesi. Tarehe 6 Juni 1951, Masele, mchimbaji katika mgodi wa dhahabu kule Geita, alikopa shilingi elfu moja na mia mbili kwa Donatus Bujiku, mnunuzi wa pamba mwenye malori mawili na kicheko cha kusikika mpaka stesheni. Aliweka rehani nyumba yake ya Shinyanga mjini. Miaka mitatu ikapita bila kulipa, na sasa nyumba ilikuwa inauzwa. Lakini korti ilikuwa imepokea barua ya wakili wa Mwanza ikisema hati hiyo ni ya uongo, na mji mzima ulijua barua za wakili yule huanzia kwenye meza ya nani. Bujiku alikuwa ameileta hati polisi mwenyewe, kifua mbele, akitaka Mwalimu Klara, mwenye meza hiyo, ashtakiwe kwa kumchafulia jina na kwa kujifanya mwanasheria.

Pantaleo aliinakili hati ile neno kwa neno, pamoja na makosa yake, kisha akaiona ikifungiwa kwenye sefu. Nakala aliitia mfuko wa ndani wa koti lake la kiraia. Mfuko huo ulikuwa tayari na barua nyingine, ya kwake binafsi, iliyofika kutoka Kahama siku kumi na moja nyuma ya kumdai mkopo wa nyumba aliyokuwa akijenga huko. Aliisukuma chini kabisa, akatoka.

Askari kanzu hupewa ruhusa ya kuvaa kiraia ili asijulikane. Pantaleo alivaa shati jeupe, koti hilo na kofia ya ukindu, akaenda kukaa kwenye benchi la watu waliomngoja Mwalimu Klara, kwenye baraza la fundi cherehani nyuma ya soko. Alitaka kumwona akifanya kazi kabla ya kumhoji. Tapeli humjui kwa kumuuliza, unamjua kwa kumwangalia akipokea pesa.

Mwalimu Klara alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mjane, aliyefundisha shule ya misheni mpaka macho yakaanza kumsumbua. Mbele yake palikuwa na meza, kidau cha wino, rundo la madaftari, na kamba ndefu yenye mafundo iliyoviringwa kama ya kufungia ndama. Mzee mmoja aliyetoka Ushetu alikuwa amemkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

"Imefika lini?" Klara aliuliza kabla hata ya kuifungua.

"Tulikuwa tunapalilia tumbaku, mayu," mzee alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Klara aliisoma, akaivua miwani. "Baba, sasa tumbaku imeshauzwa. Walikupa siku thelathini. Kwa nini hukuja?"

"Niliona aibu. Nikasema nitatafuta kwanza, nitakuja nikiwa na kitu mkononi."

"Aibu hii imekula siku zako zote," Klara alisema, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu anayeumia. "Njoo keshokutwa, wakili atashuka na treni. Nitakuingiza wa kwanza. Siahidi kitu, lakini utasikilizwa." Hakuchukua senti. Alimrudishia karatasi, akamwandikia mstari mmoja wa kumpa wakili, akamsindikiza mpaka chini ya baraza. Kisha akageuka. "Na wewe mwenye viatu vya serikali, unataka nini?"

Benchi zima lilimtazama Pantaleo miguu. Alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa buti.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akivua kofia.

"Marahaba. Umekuja kunifunga au kuniuliza?"

"Kukuuliza kwanza."

Klara alicheka, akawaomba waliobaki wamwie radhi kidogo.

"Umeiambia korti kwamba hati ya Bujiku ni ya uongo," Pantaleo alianza. "Umeiona?"

"Sijaiona. Bujiku amekataa kumwonyesha mtu. Anasema tutaiona siku ya mnada."

"Dole ni la Masele. Nimelipima mwenyewe leo asubuhi."

Alitarajia ashtuke. Klara alitikisa kichwa taratibu. "Najua ni lake. Soma barua yetu vizuri, Sajini. Hatukusema dole si lake. Tumesema alikopa mia mbili, akazilipa mwaka uliofuata, na siku ya kukopa alitiwa wino akabonyeza karatasi mbili. Moja imeandikwa, moja tupu. Bujiku alimwambia hiyo ya pili ni akiba, wino ukichafuka. Alipolipa, ikachanwa ile iliyoandikwa."

"Kila mdaiwa ana karatasi tupu, Mwalimu. Nimezisikia nyingi."

"Na mimi pia. Ndiyo maana simwamini mtu, naandika." Alichomoa daftari moja kwenye rundo. "Nyamizi, mke wa Masele, alibandikiwa ilani mlangoni Jumatatu tarehe tano, asubuhi. Aliacha uji jikoni, akafika hapa majirani hawajamaliza kuisoma. Unajua ni wangapi wamenijia siku ileile, tangu nianze kazi hii? Yeye tu. Mchana wake nilikuwa kwake na kamba yangu, na mashahidi wawili."

"Kamba ya nini?"

"Kupimia. Mtu akipotelewa na nyumba anajua kulia tu. Hakimu akimuuliza ilikuwa na madirisha mangapi, inapakana na nani, anababaika, na anayebabaika huonekana mwongo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote naandika nyumba yote, na kila jirani kwa jina lake kamili. Watu wananicheka. Wanasema Mwalimu anapima nyumba kama anataka kuinunua." Alimsukumia daftari. "Chukua. Ukimaliza kunishuku, nirudishie."

Pantaleo alilichukua. Miaka tisa ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mwongo hatoi daftari lake kabla ya kuombwa.

Nyumba ya Masele ilikuwa ya vyumba vinne, bati jipya, ukuta uliopakwa chokaa nusu kwa sababu chokaa iliishia hapo. Ilani ilikuwa ingali mlangoni, imepigiliwa msumari mmoja mnene. Masele mwenyewe alikuwa mgodini; Nyamizi alikuwa anachambua choroko uani. Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Natoka polisi. Nataka nione nyumba."

"Mwalimu ameshaipima," alisema Nyamizi, kama vile hilo lilimaliza kila kitu. Hata hivyo alimzungusha. Pantaleo alihesabu madirisha, yakalingana na daftari. Alihesabu hatua za ukuta wa nyuma, zikalingana. Alimhoji kuhusu ile karatasi tupu, akapata maelezo yaleyale bila kuongezwa chumvi.

"Ulikuwepo mumeo alipotia dole?"

"Sikuwepo. Alinisimulia jioni. Nilimgombeza kwa kubonyeza karatasi isiyo na neno. Akasema Bujiku ni mtu mzima, hawezi."

"Nani mwingine alisikia?"

"Mama Paskazia, jirani yangu huyo wa kaskazini. Lakini wameshahama. Mumewe ni dereva, amepata kazi Geita, walipanda lori Jumatano iliyopita." Alionyesha nyumba ya pili, mlango umefungwa kwa kufuli, matandazo ya kuku yametapakaa. "Bahati Mwalimu alimwandika kabla."

Pantaleo alilifungua daftari kutafuta maneno ya huyo jirani. Mwandiko wa Klara ulikuwa wa kishule, mviringo, kila herufi imekaa mahali pake. *Kaskazini: Euphrasia binti Herman, mke wa Marselino dereva, anakaa hapa tangu 1948. Anahamia Geita. Alimsikia Masele akisimulia habari ya karatasi mbili. Mtoto mmoja, Paskazia, ameanza kutambaa.*

Alitoa nakala ya hati ili alinganishe mipaka. Mashariki, barabara. Kusini, Sikujua fundi baiskeli. Magharibi, uwanja mtupu. Vyote vililingana. Kaskazini, kwa maneno ya Bujiku mwenyewe, *nyumba ya Mama Paskazia*.

Alisoma mstari huo mara mbili. Kisha akatazama tarehe iliyokuwa juu ya hati, akatazama tena daftari, akakaa chini bila kukaribishwa, juu ya kinu cha Nyamizi kilicholazwa pale.

"Mama," alisema, "huyo Paskazia ni mtoto wake wa ngapi?"

"Wa kwanza. Walihangaika miaka, maskini. Tulishakata tamaa kabla yake."

"Na kabla hajamzaa, mama yake mlikuwa mkimwitaje?"

Nyamizi alimshangaa. "Si mke wa Marselino tu? Tungemwita mama nani, naye hana mtoto?"

Klara alikuwa na jina la mtoto na umri wake, lakini hakuwa na hati. Polisi walikuwa na hati, lakini hawakujua kwamba mtoto huyo ndiyo kwanza anatambaa. Vipande viwili vya jambo moja vilikuwa vimekaa mitaa mitatu mbali, na kama Nyamizi angengoja kidogo tu kumaliza uji wake, akangoja na wiki iliyofuata kumaliza aibu yake, lori la Geita lingekuwa limeondoka na kimoja.

Lakini Pantaleo hakukimbilia kwa Inspekta. Wakili yeyote mjanja angesema kulikuwa na Paskazia mwingine, aliyekufa mchanga, na mama akabaki na jina. Jumatano alfajiri alipanda baiskeli akaenda Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni, akafika kijasho kinamchuruzika na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

Aliyemtolea kadi alikuwa mkunga mnene mwenye haraka. "Euphrasia binti Herman," alisoma. "Uzazi wa kwanza. Mtoto wa kike, tarehe 19 Novemba 1953. Paskazia." Akatabasamu. "Huyu namkumbuka. Alilala kwangu siku mbili na uchungu. Akasema, dada, tukipona wote, mtoto ni jina lako."

"Jina lako?"

"Mimi ni Paskazia."

"Ulianza kazi hapa lini?"

"Mwaka 1952. Kabla ya hapo nilikuwa kwetu Bukoba. Sikuwa hata najua Shinyanga iko upande gani."

Pantaleo alimwomba aandike hayo yote, atie sahihi, agonge muhuri. Aliyasoma mara mbili. Njiani kurudi alipiga mluzi, jambo ambalo baiskeli yake haikuwa imelizoea.

Baada ya Pantaleo kumwonyesha Inspekta karatasi hiyo, Bujiku alimpokea kwenye ghala la pamba, kati ya magunia na mzani mkubwa. Alimvutia kiti, akaagiza chai.

"Umeshamkamata yule mwanamke?"

"Bado nakamilisha maelezo. Maswali machache tu, ili wakili wao asipate pa kupenya."

"Uliza, uliza." Bujiku alijikunjua kitini.

"Hati aliiandika nani?"

"Mimi. Kwa mkono wangu huu."

"Siku gani?"

"Si tarehe iko juu? Siku ileile, sita Juni, elfu moja mia tisa hamsini na moja."

"Masele alitia dole kabla hujaandika, au baada?"

"Baada! Nilimsomea yote, jina la baba yake, mipaka ya nyumba, kiasi cha pesa. Neno kwa neno. Akasema sawa, akabonyeza."

"Baadaye hukuongeza chochote? Neno la kurekebisha, labda mpaka uliosahau?"

"Hata nukta, Sajini. Hati haiguswi ikishatiwa dole. Hilo hata mtoto anajua."

Pantaleo aliandika majibu yote taratibu, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Bujiku alitia sahihi ndefu yenye mkia, akaipulizia ikauke.

"Nimebakiza moja," alisema Pantaleo. "Kaskazini umeandika Mama Paskazia. Huyu ni nani?"

"Mke wa Marselino dereva. Mama mtaratibu sana."

"Na Paskazia mwenyewe unamfahamu?"

"Kitoto chake! Kinono hivi, mashavu mawili." Bujiku alicheka kile kicheko chake cha kusikika mpaka stesheni.

"Ana umri gani?"

Kicheko kilikatika katikati. Mikono yake ilishuka juu ya meza, na vidole vikaanza kuhesabu vyenyewe, kimoja, kingine, vikasimama. Watu wake walioshona magunia nyuma waliacha sindano.

Pantaleo aliiweka karatasi ya Kolandoto juu ya maelezo yaliyotiwa sahihi. "Amezaliwa mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Siku unayosema uliandika hati, mama yake alikuwa anaitwa mke wa Marselino, na mkunga aliyetoa jina la Paskazia alikuwa Bukoba. Karatasi ilikuwa tupu, Bwana Bujiku. Umeijaza mwaka huu."

Heshima ndiyo iliyomponza. Angekuwa mtu asiye na adabu angeandika Euphrasia, na huenda nyumba ingeuzwa. Lakini huku mwanamke mwenye mtoto hatajwi jina lake kavukavu, na Bujiku, mwizi wa nyumba za watu, alikuwa amelelewa vizuri. Hata alipokuwa akighushi alimwita jirani kwa heshima yake.

"Nitazungumza na Inspekta," Bujiku alisema, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Utazungumza naye. Nimetumwa nikuchukue."

Alhamisi wakili alishuka na treni ya kutoka Mwanza, akapokea karatasi ya Kolandoto na maelezo ya Bujiku. Pantaleo alitaka kujua kama muda utatosha, kwa kuwa korti ile ilikuwa na foleni ya mashauri ya mwezi mzima. Wakili alimwonyesha orodha ya Ijumaa. Shauri la Masele lilikuwa la pili. Lilikuwa limeandikishwa tangu tarehe tisa, siku nne baada ya ilani, ombi zima limepangwa, likikosa ushahidi tu. "Mngeniletea ushahidi huu leo bila ombi," alisema wakili, "ningewapa pole. Mwalimu yule hanipi nafasi ya kutoa pole."

Ijumaa hakimu alisimamisha mnada. Aliamuru pia zitazamwe upya hati mbili nyingine za Bujiku, za nyumba zilizouzwa mwaka uliopita. Wenyewe walikuwa wamekwenda kwa Klara siku dalali anagonga kengele. Nyumba hizo hakuna aliyeahidi zitarudi. Lakini Nyamizi alirudi kwake, akaung'oa ule msumari kwa shoka, akaichukua ilani na kuitia chini ya chungu cha choroko. Msumari alimpa fundi baiskeli. "Wabeja, mayu," alikuwa amemshukuru Klara kwa Kisukuma nje ya korti, akamshika mkono asimwachie mpaka barabarani.

Jumamosi saa sita mchana, saa ileile ambayo dalali angekuwa anapiga kengele, Sajini Pantaleo alipanda kwenye baraza la fundi cherehani. Alirudisha daftari kwa mikono miwili. Alikuwa amewahi kuwahoji wezi wa ng'ombe, wachimbaji waliomeza dhahabu, na leo mnunuzi wa pamba alikuwa mahabusu kwa maswali yake. Alimwambia Klara wazi kwamba hajaona mpelelezi anayemfikia, ndani ya polisi au nje.

"Mimi nauliza swali moja tu," Klara alisema. "Ninyi ndio mnaoujua upelelezi." Akamtazama. Sajini alikuwa hajaondoka. "Kuna jingine?"

Pantaleo alikaa kwenye benchi. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, chini kabisa, akatoa ile barua ya Kahama iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo, akaiweka mezani.

Klara hakuifungua. Alivaa miwani yake kwanza.

"Imefika lini?"

Mtu wa kuuliza maswali akatazama buti zake. "Siku kumi na tano, Mwalimu."

"Umechelewa kumi na nne," alisema Klara, akavuta daftari jipya. "Haya, nitajie jirani yako wa kaskazini."